Dawa za sonona na kilo zinazopanda: ni dawa inanenepesha au ni njaa imerudi?

#1 Mama Wawili
Habari za saa hizi wanajamvi. Naomba kuuliza, msinipige mawe. Natumia mirtazapini, kidonge cha usiku, tangu mwanzoni mwa mwaka. Kichwa kimetulia, nalala, kazini naenda, hapo sina malalamiko. Shida ni mwili. Nilianza na kilo 64, sasa mizani inasoma 73 na bado inapanda. Na sio kwamba nakula ovyo, mchana niko sawa kabisa, ila nikishameza ile dawa hata saa moja haijaisha inakuja njaa ambayo sijawahi kuiona, najikuta jikoni taa nimezima nakata mkate kwa mkono napaka asali nakula nimesimama, kipande kimoja, cha pili, naona aibu hata kuwasha taa, asubuhi nakuta makombo meza nzima na kifuniko cha asali hakionekani. Daktari nilipomwambia akasema "punguza kula", akaandika dozi ileile. Sasa naomba kujua, ni dawa inanenepesha au ni mimi? Na kuna aliyewahi kupungua bila kuacha dawa? Maana kuacha siwezi, nilikotoka napajua mwenyewe. Natanguliza shukrani.

#2 Pilipili Kichaa
Kifuniko cha asali kimenimaliza 😂😂 naweka kambi hapa, na kwangu mwizi wa mkate hajawahi kupatikana

#3 Chuma Cha Pua
Dada, tusidanganyane. Kidonge chenyewe ni miligramu 15 au 30, hakina mafuta hakina sukari, hakiwezi kukutoa 64 kikakufikisha 73. Kinachonenepesha ni huo mkate na asali. Hesabu ni moja tu, kinachoingia na kinachotoka. Kula protini, beba vyuma, funga jikoni na kufuli umpe mtu ufunguo. Mengine yote ni visingizio.

#4 Kimya Kingi
Chuma, we umeshawahi kumeza hizo dawa?

#5 Chuma Cha Pua
Sijawahi na siombei. Ila hesabu haibadiliki kwa sababu mtu anaumwa.

#6 Nesi Mstaafu
Chuma umesema nusu, hiyo nusu nyingine umeiruka. Kidonge hakina kalori, sawa. Lakini anayeamua utie nini mdomoni ni ubongo, na dawa imeingia humohumo. Mirtazapini inaziba vipokezi vya histamini (kemikali ya mwilini inayohusika na mzio na kukaa macho), ni vilevile vinavyozibwa na zile dawa za zamani za mzio zinazomfanya mtu asinzie mchana kweupe. Ndio maana inalaza na ndio maana inaleta njaa. Inaziba pia aina mojawapo ya vipokezi vya serotonini, kemikali nyingine ya ubongo, ambavyo kazi yake ni kukupa taarifa kwamba sasa umeshiba. Yaani breki imelegezwa halafu mtu anaambiwa asimame.

Na sio siri. Kwenye maelezo rasmi ya dawa kule Marekani imeandikwa hamu ya kula iliongezeka kwa asilimia 17 ya waliotumia, wakati waliopewa kidonge kisicho na dawa ni asilimia 2 tu. Asilimia 7.5 waliongezeka kwa asilimia 7 ya uzito wao au zaidi, upande wa pili sifuri. Nimefanya kazi wodini miaka mingi, tulikuwa na madaktari wanaichagua hiyo makusudi kwa wagonjwa waliokonda wasiotaka kula. Kwa hiyo mama, sio ulafi. Rudi kaongee naye tena, kuna uwezekano hata dozi ikipungua njaa ikapungua.

#7 Mama Wawili
Asante sana mama. Yaani nilishaanza kujichukia.

#8 BabaZuu
Ngoja niulize swali ambalo hakuna aliyeuliza. Kabla hujaugua ulikuwa na kilo ngapi? Nauliza kwa sababu mke wangu alipougua alikonda mpaka pete ikawa inachomoka kidoleni anaosha vyombo, tukaitafuta kwenye sinki tukitumia waya. Alipoanza setralini akaanza kula kama binadamu, ndugu wakaja juu, "dawa zinamvimbisha, mwachisheni". Kumbe hakuvimba, alikuwa anarudi kwenye mwili wake. Pete sasa hivi haitoki hata kwa sabuni na mimi namshukuru Mungu.

#9 Mama Wawili
Kabla ya yote nilikuwa 68 hivi. Nilishuka nilipokuwa siwezi kula.

#10 BabaZuu
Unaona sasa? Kilo nne za kwanza ni zako, zilikuwa zimesafiri. Tujadili hizo tano.

#11 Pilipili Kichaa
BabaZuu kawa mkaguzi wa hesabu za mafuta 😂 leta na risiti

#12 Kifutio
Mimi kwangu hakuna njaa kabisa na bado nimeongezeka, kwa hiyo hiyo nadharia ya njaa hainigusi. Natumia esitalopramu. Sahani ni ileile, sili usiku, ila suruali zote zimekataa. Nilichokigundua ni kwamba nimepoa. Zamani nilipokuwa na wasiwasi nilikuwa sikai, natembea huku naongea na simu, napanda ngazi, usiku nazunguka sebuleni, mguu unatikisika chini ya meza siku nzima. Sasa hivi nimetulia, nakaa kwenye kochi kama mzigo uliosahaulika na nina furaha zangu. Nadhani ule wasiwasi ndio ulikuwa mazoezi yangu. Wataalamu mnasemaje?

#13 Chuma Cha Pua
Hahaha Kifutio umeniunga mkono bila kujua. Kinachotoka kimepungua. Hesabu ileile.

#14 Kimya Kingi
Ila kilichoipunguza ni dawa. Au tuseme ni kupona. Sijui, hapo mimi nimekwama.

#15 Mfamasia Mpole
Nimesoma uzi wote, niongeze kidogo na nimsahihishe Nesi kwa heshima zote, shikamoo mama. Kwa mirtazapini kupunguza dozi sio lazima kupunguze njaa, kwa sababu ile kazi ya kuziba histamini inaanza hata kwenye dozi ndogo. Kuna watu wameshushwa kutoka 30 kwenda 15 wakabaki na usingizi na njaa vilevile. Kwa hiyo asijaribu kukata kidonge nusu mwenyewe nyumbani, anaweza akapoteza tiba na jikoni bado akaenda.

La pili, watu wanaongea kama vile dawa hizi zote ni ndugu wa tumbo moja. Hapana. Kuna utafiti wa Marekani uliotoka 2024, walifuatilia watu zaidi ya laki moja na elfu themanini walioanza dawa nane tofauti, wakazilinganisha na setralini. Baada ya miezi sita walioanza esitalopramu walikuwa wameongezeka karibu kilo 0.4 zaidi ya wale wa setralini, paroksetini na duloksetini zinakaribia hapohapo. Fluoksetini haikuwa na tofauti ya maana. Bupropioni ikawa chini kwa kilo 0.2 hivi. Mirtazapini haikuwemo kwenye zile nane, ila kwenye utafiti wa Uingereza wa 2018, watu karibu laki tatu, hiyo ndio iliyokuwa na uhusiano mkubwa na kuongezeka.

#16 Chuma Cha Pua
Subiri kwanza. Kilo 0.4?? NUSU KILO haifiki? Hiyo si glasi mbili za maji? Mleta uzi kaja na kilo tisa hapa, mnampa utafiti wa glasi mbili. Nashukuru Mfamasia umefunga mjadala kwa niaba yangu.

#17 Kimya Kingi
Huo ni wastani wewe. Mmoja akiongezeka kilo nane mwingine akapungua saba, wastani wao ni nusu kilo na wote wawili wanatafuta nguo mpya.

#18 Mfamasia Mpole
Kimya umenisaidia. Kuna jingine nililisahau, kwenye utafiti huohuo kufika mwezi wa sita waliokuwa bado wanameza dawa zao walikuwa kati ya asilimia 28 na 41 kutegemea na dawa. Maana yake hizo namba ni za walioanza, sio za waliomeza miezi yote sita. Ukichanganya walioacha na walioendelea lazima tofauti ionekane ndogo. Na huo wa Uingereza ulionyesha uwezekano wa kuongezeka asilimia 5 ya uzito ulikuwa juu kwa asilimia 21 kwa wanaotumia dawa, na mwaka wa pili na wa tatu ndio ilikuwa mbaya zaidi.

#19 BabaZuu
Na hao wa Uingereza walisema ni dawa iliyosababisha? Au walikuta tu vinaambatana?

#20 Mfamasia Mpole
Waliandika wenyewe kwamba ni uhusiano, sio ushahidi kwamba dawa ndio chanzo. Wenye sonona wanatofautiana na wasio nayo kwa mengi.

#21 BabaZuu
Basi. Nakunywa chai yangu.

#22 Jani La Uzima
Wapendwa msihangaike kuna chai ya kukata mafuta ya tumbo, asili asilimia mia haina kemikali, unapungua wiki ya kwanza tu, njoo pm

#23 Pilipili Kichaa
Nilikuwa najiuliza mbona amechelewa

#24 Mfamasia Mpole
Jani, hapa hapana, tafadhali. Wanaosoma huu uzi wako kwenye dawa zinazogusa serotonini. Bidhaa za kupunguza unene zinazojiita za asili zimekamatwa mara nyingi zikiwa zimefichwa sibutramini ndani, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani 2010 kwa sababu ya moyo na kiharusi. Na yenyewe inapandisha serotonini. Mtu akichanganya na setralini au fluoksetini anaweza kuishia na jasho, kutetemeka, homa, mapigo ya moyo kwenda mbio, misuli kukaza, na hiyo ni ya kukimbizwa hospitali, sio ya kunywa maji ulale. Zile chai nyingine ni majani ya senna tupu, dawa ya kuharisha, unaharisha maji, mizani inashuka, ukinywa maji inapanda. Mafuta yako palepale yanakuangalia.

#25 Jani La Uzima
Wivu wa biashara tu huo

#26 Mzee Wa Kona
Vijana mimi niko kwenye amitriptilini, hii ya tangu enzi za 1961. Kitu ambacho sijakiona hapa ni KINYWA. Hii dawa inakausha mdomo mpaka ulimi unagandia juu, usiku unaamka unahisi kama umelamba unga. Mimi nikawa naweka chupa kubwa ya soda kando ya kitanda, kila nikiamka napiga mafunda mawili matatu, asubuhi chupa iko chini ya nusu. Sikuwahi kuihesabu kama chakula kwa sababu sikuwa na njaa, nilikuwa na kiu tu. Binti yangu ndio aliniuliza, baba hii soda anakunywa nani. Nikabadilisha nikaweka maji na bigijii isiyo na sukari, suruali ikarudi tundu mbili za mkanda bila kugusa sahani. Kwa hiyo kabla ya kulaumu dawa au mkate angalieni mnachokunywa.

#27 Nesi Mstaafu
Mzee hiyo ni nondo, wodini tulikuwa tunaliona sana. Na meno pia, kinywa kikavu na soda usiku kucha meno hayaponi.

#28 Kifutio
Mimi soda sinywi. Bado sijajibiwa 😅

#29 Nesi Mstaafu
Kifutio umepima tezi ya thairoidi? Ikiwa chini mtu anaongezeka, anachoka, anasikia baridi, choo kinakuwa kigumu na anakuwa na huzuni, unaweza ukabebesha dawa lawama zisizo zake. Ni kipimo cha damu tu. Ukishapima tuletee mrejesho.

#30 Tausi wa Jioni
Naomba nichangie na mimi, ni la kaka yangu. Alikuwa kwenye paroksetini, akaongezeka, watu ofisini wakaanza kumwita bosi, hakuipenda. Akaacha ghafla bila kumwambia mtu. Siku chache tu akaanza kusema anasikia kama umeme unapiga kichwani kila akigeuza macho, kizunguzungu, anatapika, anagomba na kila mtu, halafu baadaye ugonjwa wenyewe ukarudi. Tulimpata lakini ilikuwa kazi. Kwa hiyo Mama Wawili kama umechoka na hizo kilo, sema kwa daktari, ikibidi piga kelele, lakini usiache kimya kimya.

#31 Mfamasia Mpole
Ndivyo ilivyo Tausi, pole sana. Paroksetini na venlafaksini zinatoka mwilini haraka ndio maana mwili unashtuka. Fluoksetini yenyewe inachukua wiki kadhaa kuisha kwa hiyo huwa inaondoka kwa upole. Kushusha kunafanywa taratibu, na daktari anajua anakushusha kwenda wapi.

#32 Chuma Cha Pua
Hapo kwenye kuacha ghafla nakubaliana nanyi, hilo sikulisema. Ila sasa si abadilishiwe apewe hiyo bupropioni inayopunguza? Mbona mnazunguka?

#33 Nesi Mstaafu
Kwa sababu sio shati, Chuma. Haipewi mwenye kifafa wala aliyewahi kuwa na ugonjwa wa kula kama wa kujinyima au kula na kujitapisha, inaweza kuleta degedege. Wengine inawaamsha mno, na mama wa watu kaandika hapo juu kwamba anashukuru analala. Ni kweli imechanganywa na naltreksoni ikawa dawa ya unene, Marekani waliipitisha 2014. Lakini dawa iliyomtoa mtu shimoni huigusi kwa sababu ya suruali, unapima kwanza.

#34 Kimya Kingi
"Kwa sababu ya suruali" mama hapo siko na wewe. Mimi nilipanda kilo nyingi kwenye dawa, na zile kilo zilinirudishia huzuni ileile niliyokuwa naitibu. Nikawa siendi kwenye sherehe, sipigi picha, najificha. Presha ikapanda. Sio urembo.

#35 Nesi Mstaafu
Umesema kweli mwanangu.

#36 Mama Wawili
Kimya umenisemea. Na je hizi sindano za semaglutaidi zinazosemwa kila mahali?

#37 Mfamasia Mpole
Kwa unene zilipitishwa Marekani 2021, na kwa wengi zinapunguza kweli. Kulikuwa na hofu kwamba zinaleta mawazo ya kujiua, mamlaka ya dawa ya kule Januari 2024 ikatoa tathmini ya awali kwamba haikuona ushahidi huo, ila wakasema wakati huo kwamba wanaendelea kufuatilia. Kwa mwenye historia ya sonona anayekuandikia sindano na anayekuandikia dawa ya akili lazima wajuane. Metfomini, ile dawa ya kisukari, nayo inatajwa, lakini ushahidi wake mwingi ni kwa walioongezeka kwa dawa za magonjwa mengine ya akili kama olanzapini, sio hizi za sonona.

#38 Mke Wa Fundi
Mimi sina utafiti nina jikoni. Nilikuwa kwenye mirtazapini hiyohiyo. Kilichonisaidia ni kumeza nikiwa nimeshapiga mswaki, niko kitandani, mlango umefungwa, taa imezimwa. Njaa inapokuja usingizi umeshafika. Nikimeza halafu nikasema ngoja nimalizie tamthilia, imekula kwangu. Na mkate wa kukatwa tayari usinunue, ule unakwisha bila kuhesabika.

#39 Tausi wa Jioni
Shemeji yangu anafanya kinyume chako, anameza mapema ili ile njaa iangukie kwenye chakula cha usiku, akishakula yote kwa pamoja amemaliza. Protini nyingi kwanza, wanga mwishoni. Anasema inamsaidia.

#40 Mke Wa Fundi
Mimi ningemeza mapema ningelala juu ya sahani.

#41 Pilipili Kichaa
Na mnapima kila siku au? Mimi mizani nimeificha chini ya kitanda inanitukana

#42 BabaZuu
Mara moja kwa wiki, asubuhi, umetoka chooni, hujala. Kilo moja ya leo na kesho ni maji na chumvi tu, na kina mama kuna siku za mwezi zinaongeza zenyewe. Mimi naamini futi kamba zaidi. Kiuno kikivuka sentimita 94 kwa mwanaume na 80 kwa mwanamke ndio Shirika la Afya Duniani linaanza kuwa na wasiwasi.

#43 Chuma Cha Pua
Nimepima. Sisemi.

#44 Pilipili Kichaa
😂😂😂😂 CHUMA TUAMBIE

#45 Chuma Cha Pua
Ni misuli ile. Turudi kwenye mada. Dakika 150 za mazoezi kwa wiki, ndio kiwango cha chini cha hao hao Shirika la Afya, nani hapa anazifikisha?

#46 Kimya Kingi
Mimi natembea kila jioni na navuka hizo. Kilo hazijashuka hata kidogo, ila zimeacha kupanda na usingizi umekuwa mzuri. Sijui nihesabu kama nimeshinda au vipi.

#47 Kifutio
Mrejesho wa tezi. Iko sawa, sukari sawa. Kwa hiyo mimi bado ni kesi isiyo na mwenyewe. Daktari wangu anasema ni esitalopramu, mke wangu anasema ni kochi.

#48 BabaZuu
Mke ana macho, daktari ana karatasi.

#49 Nesi Mstaafu
Mama Wawili, ukirudi kliniki usiseme tu "naongezeka". Andika kwenye karatasi uzito wa siku ulipoanza, uzito wa kila mwezi, saa unayomeza na saa njaa inapokuja, na hicho cha jikoni kiandike kama ulivyotuandikia sisi. Umwombe apime sukari na mafuta ya kwenye damu. Halafu muulize moja kwa moja, kuna dawa nyingine itakayonilaza bila kunipeleka jikoni? Akisema tena punguza kula, una haki ya kutafuta wa pili.

#50 Mama Wawili
Nimeandika yote. Miadi ni wiki ijayo, nitawajuza. Ile ya Mke Wa Fundi nimeanza jana usiku.

#51 Mgeni Njiani
Samahani nadandia. Mimi nimeanza fluoksetini mwezi uliopita na NAPUNGUA, sina hamu ya kula, nguo zinaning'inia. Nyie mnaongea dawa gani?

#52 Mfamasia Mpole
Karibu. Fluoksetini mara nyingi inapunguza kidogo mwanzoni, wiki za kwanza. Baadaye kwa wengi uzito unarudi, na wengine wanapitiliza. Ukiona unapungua sana au huli kabisa rudi kwa aliyekuandikia.

#53 Mgeni Njiani
Kwa hiyo ninunue suruali mpya ndogo au nisubiri?

#54 Mke Wa Fundi
Nunua ya mpira kiunoni.

#55 Chuma Cha Pua
Na mimi nielekezeni wanakouza, namuulizia rafiki